Kinu na kisu vinatosha: ninavyoandaa kitunguu saumu

Kibanio changu cha kitunguu saumu kilivunjika mpini siku ya kipaimara cha mtoto wa dada yangu, hapa Moshi. Pilau la watu arobaini, wageni wako njiani, na punje zimeshamenywa bakuli zima. Mama mkwe akasema tu, "Lete kinu, mwanangu." Akatupia chumvi kijiko kidogo cha chai juu ya punje, akaanza kutwanga. Maji ya wali hayajachemka, kitu kimeshalainika kama uji mzito.

Chumvi ile ina kazi. Chembe zake zinakwaruza punje, na zinazishika zisirukeruke na kuteleza mchi unaposhuka. Tangu siku hiyo sijanunua kibanio kingine, na mtu akiniuliza anunue nini, namwambia kinu cha mbao ngumu, kizito, chenye kitako kinene, kisicho na ufa hata mmoja. Ufa unaficha mabaki na harufu. Usikiloweke usiku kucha. Suuza, futa, kianike kivulini. Kama uwezo upo, uwe na viwili: kimoja cha saumu na tangawizi, kingine cha iliki na mdalasini. Chai yenye harufu ya saumu inakera sana.

Kisu kiwe na bapa pana. Laza bapa juu ya punje, gandamiza kwa kiganja mpaka usikie imepasuka. Ganda linaachia lenyewe. Vile visu vyembamba vinapinda, vinaweza kukukata.

Kitunguu saumu kizima hakinuki sana. Ukali unazaliwa pale unapokivunja: kimeng'enya kiitwacho aliinezi kinakutana na kemikali iitwayo aliini, na inatoka alisini, yenye ule ukali. Ndiyo maana kilichotwangwa ni kikali kuliko kilichokatwa vipande. Kwa maharage mimi nakata vipande tu. Kwa nyama ya kuchoma natwanga kabisa. Na ukishatwanga, kiache kama dakika kumi kabla ya kukipeleka jikoni, kwa sababu moto unakiua kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi.

Kwenye mafuta, tanguliza kitunguu maji. Saumu iingie mwishoni, nusu dakika hivi, harufu ikipanda tu weka nyanya. Ikishakuwa kahawia imeungua, na uchungu wake hautoki hata uongeze nini.

Sokoni Mbuyuni nachagua vya Mbulu vikipatikana. Punje zake ndogo, kumenya ni kazi, ila ladha naipenda kuliko vile vikubwa vyeupe vya kutoka nje. Bonyeza kitunguu kwanza: kiwe kigumu, kizito mkononi, ganda kavu. Ukikuta kichipukizi cha kijani katikati ya punje, kitoe, kina uchungu.

Jambo moja naomba mlichukulie kwa uzito. Wengi tunatwanga cha wiki nzima, tunakimwagia mafuta kwenye chupa na kukiweka kabatini. Usifanye hivyo. Ndani ya mafuta hewa haifiki, na bakteria aitwaye Clostridium botulinum anaweza kutoa sumu bila harufu wala ladha kubadilika. Weka kwenye friji, ukimalize ndani ya siku tatu nne. Cha muda mrefu mimi nakigandisha kwenye trei ya barafu, kila kitundu kijiko kimoja, na siku ya kupika natumbukiza kipande kwenye sufuria kikiwa bado kimeganda.