Joseph Bonaparte, mfalme aliyehamia New Jersey

Ndugu, umeuliza kama kweli kuna mfalme wa Ulaya aliyekimbilia Marekani, na nyaraka zake ziko wapi. Yupo: Joseph Bonaparte, kaka mkubwa wa Napoleon, mtawala wa Ufaransa; Joseph mwenyewe alitawala Naples kisha Hispania. Mwaka 1815, baada ya Napoleon kushindwa vitani Waterloo, alivuka bahari, akanunua shamba la Point Breeze huko Bordentown, New Jersey, na kuishi kwa jina la Comte de Survilliers.

Januari 1820 nyumba yake iliteketea. Majirani waliingia wakaokoa picha, sanamu, vyombo vya fedha, vitabu, hata pesa na vito, wakamkabidhi. Akawaandikia barua ya shukrani. Kwangu mimi hiyo ndiyo barua yake bora kabisa: aliyekuwa mfalme anawasifu watu ambao hakuwahi kuwatawala, na wala hawakuwa na deni lolote kwake.

Alifariki Florence mwaka 1844. Barua zake za kisiasa, pamoja na zile alizoandikiana na Napoleon, zilichapishwa Paris kuanzia 1853, juzuu 10. Lakini kama unatafuta maisha yake ya kila siku, nakushauri usianzie huko. Anzia Chuo Kikuu cha Yale, kwenye nyaraka za familia ya Louis Mailliard, katibu wake. Huyu ndiye aliyeaminiwa kiasi cha kutumwa Uswisi mwaka 1817 kufukua vito ambavyo bwana wake alivificha Prangins.