Usaili wa umeneja: nirudie algorithimu?

SWALI: Ni mhandisi wa programu, nimeitwa kwenye usaili wa kuongoza timu ya watu wanane. Nijiandae vipi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Algorithimu (hatua za kompyuta kutatua tatizo) zipunguzie muda. Muulize kwanza ofisa rasilimali watu kama kuna hatua ya kuandika msimbo (code). Kuuliza si kosa. Uzito kwa kawaida huwa kwenye watu: anayezorota kazini, wawili wasioelewana, mradi uliochelewa.

Andaa visa sita hadi vinane vya kweli, kila kimoja kisizidi dakika tatu. Jirekodi kwa simu, usikilize. Wahandisi wengi huangukia hapa: dakika mbili nzima wanaeleza hifadhidata, mtu mwenye shida hatajwi. Wengine husema "tulifanya" kila sentensi, msaili asijue wewe ulifanya lipi.

Kwa anayezorota, eleza uligunduaje (kazi zilizorudishwa kwenye ukaguzi wa msimbo, si hisia), mlizungumza lini faragha, mlikubaliana lengo gani na kwa wiki ngapi. Kama hatimaye aliondoka, sema hivyo. Hujawahi kuongoza rasmi? Tumia vijana uliowanoa kazini. Usibuni kisa, maswali ya ufuatiliaji yatakuumbua.

Usanifu wa mifumo, yaani kupanga sehemu za programu zifanye kazi pamoja, nao usiupuuze. Chora mfumo mmoja unaoujua, mathalani malipo ya simu, na ueleze mtandao ukikatika ombi likatumwa tena, mteja hakatwi vipi pesa mara mbili: kila muamala una namba yake ya kipekee, na seva ikiiona tena hurudisha jibu lile lile la awali.