Kabla Hujamnyang'anya Simu

Mwanangu mpendwa,

Unaniuliza kama umnyang'anye mjukuu wangu simu, kwa kuwa tangu aanze kumfuatilia yule mwanamitindo mtandaoni anaona haya kuvaa nguo zake, na juzi alikuuliza mbele ya wageni kwa nini uuguzi wako haujakupatia gari. Najua neno hilo lilivyokuchoma. Hata hivyo, mimi nawaza zaidi habari ya sifa kuliko ya simu, kwa maana mtoto hukithamini kile anachosikia kikisifiwa.

Unaikumbuka sherehe yenu ya kumaliza shule ya msingi? Yule mwimbaji mashuhuri alichelewa, na alipoingia, walimu waliokuwa wameketi mbele waliombwa wawapishe wapambe wake. Mmoja wao ni yule mwalimu aliyebaki nawe jioni baada ya jioni, herufi zilipokuwa zikikushinda. Nilimwita aketi mahali pangu, akakataa kwa upole, akasimama ukutani na daftari lake kifuani, akipiga makofi pamoja na wengine. Njiani ukaniuliza, "Mama, mwalimu amekosa nini?" Swali lile bado linaniuma. Hakuna aliyewatamkia watoto kwamba mwalimu ni duni. Walijionea kwa macho yao nani anapishwa na nani anapisha.

Lakini nisimwonee mwimbaji yule. Kazi yake aliifanya kwa bidii, na huenda hakujua viti vile vilipatikanaje. Kutamani kupendeza nako si dhambi, wala kuuza bidhaa kwa jina la mtu mkubwa hakukuanza jana: katika miaka ya 1760, mfinyanzi Josiah Wedgwood wa Uingereza alimtengenezea Malkia Charlotte vyombo vya chai, kisha akawauzia watu wengine vyombo vya aina hiyo kwa jina la malkia. Tofauti ni kwamba malkia alikaa mbali, ilhali mwanamitindo huyu humwonyesha mjukuu wangu chumba chake, watoto wake, hata machozi yake, mpaka mtoto anamhesabu kuwa mwenzake na kuanza kujipima naye. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl walikwisha kuueleza urafiki huu wa upande mmoja, walipochunguza redio na televisheni. Ndiyo maana mkoba ambao mwanamitindo amelipwa ausifu humfikia mtoto kama ushauri wa rafiki.

Narudia, mtoto hukithamini kinachosifiwa. Je, amewahi kukusikia ukieleza, bila kulalamika, ulivyomhudumia mgonjwa usiku kucha? Sisi wakubwa husimulia uchovu wa kazi zetu, kisha magari ya wenzetu tukayasifu kwa sauti.

Ungenishurutisha niamue, ningesema simu apunguziwe, asinyang'anywe. Ila wewe ndiwe mama yake, nami najizuia, ingawa kwa shida. Mwulize kwanza anampendea nini binti yule, kazi yake au mali zake, na umwache amalize kusema. Kisha niandikie alivyojibu.

Mama yako