Jibu: Mama yuko kitandani, niuze kuku wote?

Pole sana dada. Umesema mama kapata kiharusi, unamuuguza peke yako, na unawaza kuuza kuku wote 30. Mimi nisingeuza wote. Nilimuuguza baba mkwe miaka miwili, na mayai ndiyo yaliyokuwa yakininunulia sabuni na pampasi. Baki na majike kumi na jogoo mmoja.

Kulisha si kazi. Kinachotesa ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku wengine huuita kideri: unaamka unakuta kuku wamepinda shingo, kinyesi cha kijani, na huku ndani mgonjwa anaita. Chanja mapema. Ni tone moja tu jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Nilikuwa nachanja usiku wakiwa wametulia, mwanangu akinishikia tochi.

Mama mgeuze kila baada ya saa mbili hata akinung'unika, maana kidonda cha mgongo kikishafunguka utajuta. Ndala za bandani ziishie mlangoni, na unawe kwa sabuni kabla hujamshika. Kuku wasiingie chumbani (wangu mmoja alikuwa akitagia chini ya kitanda cha mzee, na mzee mwenyewe akimtetea!).

Anaweza kukaa? Basi jioni mtoe kivulini, umuwekee bakuli la mtama, awarushie kuku kwa ule mkono uliolegea. Mzee wangu mazoezi ya mkono aliyakataa katakata, lakini mtama alirusha, punje mbilimbili, huku akimtukana jogoo.