Kabla hujalipa kodi ya miezi sita Dar

Chumba cha Dar es Salaam kina bei mbili. Kuna anayokutajia mwenye nyumba, na kuna utakayoilipa kila siku kwa nauli, maji, umeme na usingizi. Sisi tunaotoka mikoani huwa tunaiona ile ya kwanza tu. Na kwa kuwa wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, ile ya pili tunakuja kuijua hela ikiwa imeshatoka.

Mimi nilikuja kutoka Njombe, na kila mdogo wangu anayenipigia simu kwamba anakuja ninamwambia hivi: fikia kwa ndugu kwanza, hata kama kwao pamebana, mpaka ujue kazi yako iko wapi na utaifikiaje. Ukiwa hapo amka mapema, fagia, jaza maji, na ukipata chochote rudi na unga au mafuta ya kula. Shangazi hatakuambia ulete, ila anaona.

Chumba anza kukitafuta ukiwa umeshaipanda hiyo njia asubuhi na jioni, siku ya kazi. Kilomita hapa hazikuambii kitu. Ukitoka Gongo la Mboto au Mbagala saa kumi na moja alfajiri unafika mjini vizuri. Ukitoka saa moja, bosi atakuwa ameshakuulizia. Jioni utaona watu wanapanda daladala inayokwenda upande wasiokwenda wao. Wanageuza nayo: wanaifuata hadi mwisho wa njia ili ikianza kurudi wao wawe wameshakaa, na konda anawadai nauli ya kwenda na ya kurudi. Kama kazi yako ni ya kusimama kutwa, utageuza na wewe, kwa hiyo weka nauli tatu kwa siku kwenye hesabu yako. Ukipata chumba karibu na mabasi ya mwendokasi, mathalani njia ya Kimara hadi Kivukoni iliyoanza 2016, muda wa njiani unapungua. Kubanana kuko palepale.

Swali ambalo wageni wengi hawaulizi ni la kutoka kituoni hadi mlangoni: naingia kwa mguu au kwa boda? Boda ya 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, kwa siku 26 za kazi, ni 52,000. Hicho chumba cha bei rahisi kimeshapanda.

Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine wanataka hela ya kukuzungusha hata usipopata chumba. Elewaneni kabla hamjaanza kutembea. Hela ya kodi usimpe dalali kabisa. Mpe mwenye nyumba mkononi, mbele ya mjumbe au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na mkataba usainiwe hapohapo. Anayekukimbiza ulipe leo kwa sababu kuna mtu mwingine anakuja jioni, mwache huyo wa jioni akichukue.

Sasa ukiwa ndani ya chumba, uliza LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Ni yako peke yako au mnachangia? Nimekaa nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Mama wa chumba cha mwisho aliuza barafu, friji lake linawaka usiku na mchana. Kijana wa pembeni yangu alikuwa na balbu moja na chaja ya simu. Wote walitoa sawa. Kila uniti zilipoisha usiku palikuwa na maneno, na mara nyingine tulilala giza kwa sababu hakuna aliyetaka kuanza kutoa. Mwisho tulikaa uani tukapanga kwa vifaa: balbu kiasi hiki, feni kiasi hiki, pasi, friji. Karatasi tukaibandika ukutani karibu na mita, na ugomvi ukaisha. Mkichangia mita, dai karatasi kama hiyo kabla hujahamia. Na kumbuka kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Huo ni mzigo wa mwenye nyumba, kwa hiyo mwulize mapema atawarudishia vipi.

Maji uliza kama ni ya bomba la Dawasa, mamlaka ya maji ya jiji, au ya kisima, kisha yaonje, maana visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi. Yatakufaa kufulia na kudekia, ila ya kunywa na kupikia utanunua kwa ndoo.

Halafu angalia ukuta chini. Masika ya hapa, Machi hadi Mei, si ya kuchezea. Msimbazi ukijaa, Jangwani hapapitiki. Rangi iliyopakwa upya kuanzia chini hadi usawa wa goti, juu ikaachwa ya zamani, inaficha alama ya maji. Waulize wapangaji wengine, usimwulize dalali. Kwetu Njombe tunataka nyumba isiyopitisha baridi. Huku tafuta madirisha mawili yanayotazamana, maana Januari chini ya bati feni inakupulizia joto tu. Rudi pia saa tatu usiku usikilize. Baa ya jirani mchana haina sauti.

Ukishahamia, usijifungie. Wiki ya kwanza nenda kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe, wakuandike. Siku utakayotaka kufungua akaunti, au mwajiri akikuambia ulete wadhamini, utaombwa barua ya mtaa, na mwenyekiti hawezi kumwandikia mtu asiyemjua. Pakitokea msiba, nenda ukakae kwenye mkeka hata nusu saa. Mchango wako wa 1,000 au 2,000 utaandikwa kwenye daftari kama wa mwenyeji yeyote.