Nilipima Ngozi ya Goti kwa Mita ya Umeme

Fundi umeme akichanika ligamenti ya mbele ya goti, hakai kitandani bila kutafuta kitu cha kupima. Niliumia kwenye mechi ya mtaani Mbagala, nikafanyiwa upasuaji, na wiki ya tano nikaitoa maltimita, mita yangu ya kupimia umeme, kwenye begi la kazi. Nilishajiaminisha kuwa goti likianza kupona, ukinzani wa ngozi, yaani jinsi inavyozuia umeme, utanionyesha.

Siku ya kwanza, asubuhi, ukinzani ulisoma kiloomu 800. Baada ya mazoezi, 90. Nikafurahi kama mtoto. Kesho yake nikapima goti la pili, lisiloumia, nalo likafanya vilevile! Kumbe nilikuwa napima jasho la Dar. Hata nikikandamiza ncha za mita kwa nguvu kidogo, namba inaanguka. Mita inasoma tabaka kavu la juu ya ngozi na vitundu vya jasho. Ligamenti iko ndani kabisa ya kiungo, haina habari.

Ila daftari lile lilinipa kitu kimoja. Upande wa nje, chini kidogo ya kovu, palikuwa na eneo lenye ganzi ambalo namba yake ilibaki juu hata nikilowa jasho kwingine kote. Mtaalamu wa fiziotherapia akanieleza: tawi dogo la neva hupita pale, na mara nyingi hukatwa wakati wa upasuaji. Nyuzi zinazoamuru jasho husafiri pamoja na zile za hisia, kwa hiyo ngozi yenye ganzi hukauka. Nilichora mpaka wake kwa kalamu, na miezi ilivyokwenda ukawa unasogea ndani.

Faida ya pili niliipata kwenye mashine ya kusisimua msuli wa paja kwa umeme kupitia pedi za kubandika. Ilikuwa ikiniunguza nikadhani mbovu, kumbe nilikuwa najipaka mafuta ya nazi kila asubuhi. Ngozi yenye mafuta inazuia umeme, basi unapita kwa wingi pale penye upenyo na kuchoma. Osha kwa sabuni, futa, punguza vinyweleo kwa mkasi (wembe unaacha mikwaruzo inayowasha), na pedi ikikauka gundi, badilisha.

Mafundi wenzangu, nawaomba: tumieni mita ya betri tu, mbali na mshono. Mega msiiguse. Ile inatoa volti 500 au 1000. Ni ya kupimia nyaya, si paja la mtu. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichowekwa mwilini asijaribu hata hiyo ya betri.

Siku hizi napima kwa tepu ya fundi nguo, sentimita 10 juu ya kifuniko cha goti, miguu yote miwili. Paja la mguu mbovu lilikuwa limepungua sentimita 3. Sasa imebaki moja. Mpira nimeambiwa nisiuguse kabla ya miezi 9, na hata hapo ni mpaka nguvu ya paja ifike asilimia 90 ya ile ya mguu usioumia. Wenzangu wa timu wananiita golikipa wa benchi.