Maswali ya Wasomaji: Lenzi ya Kampuni Moja, Bodi ya Nyingine

Safari hii tumezikusanya pamoja barua za adapta, kwa sababu karibu zote zinarudi kwenye jambo moja: umbali kati ya uso wa maunti, pale lenzi inapokaa, na sensa iliyo ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kila kampuni ina umbali wake. Nikon F ni milimita 46.5, M42 (maunti ya zamani ya skrubu) ni 45.46, Canon EF 44, Canon FD ya zamani 42, Canon RF 20, Sony E 18, Fujifilm X 17.7 na Nikon Z 16. Adapta ni pete ya kujaza tofauti hiyo. Namba ya lenzi ikiwa kubwa kuliko ya bodi, pete inapata nafasi ya kukaa. Ikiwa ndogo, hakuna nafasi, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotea.

Nimehama kutoka Canon DSLR kwenda Sony a7 III. Lenzi zangu zote ni za EF: 50mm f/1.8 STM, 24-70mm f/2.8 na 70-200mm f/2.8. Dukani nimeoneshwa adapta mbili, moja chuma tupu kwa bei ndogo, nyingine yenye pini za umeme inayouzwa mara kadhaa ya hiyo. Muuzaji anasema zote zinafanya kazi. Nichukue ipi?
Mpiga picha wa harusi, Tanga

Chukua yenye pini. Ya chuma tupu itashika lenzi vizuri kabisa, kwani unene unaotakiwa ni milimita 26 tu (44 kutoa 18) na kuchonga pete hiyo si kazi ngumu. Tatizo lako ni kwamba lenzi za EF hazina pete ya kubadili tundu, uwazi unaopitisha mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa). Tundu linaendeshwa na mota ndogo iliyo ndani ya lenzi, na mota hiyo hupokea umeme na amri kutoka kwenye bodi. Pini zikikosekana, lenzi inabaki wazi kwenye f/1.8 au f/2.8 siku nzima, na picha ya familia ya watu ishirini mbele ya jukwaa itakuwa na mstari mmoja mkali na mingine imefifia.

Hiyo 50mm STM ina shida ya ziada ambayo wauzaji wengi hawaitaji: hata pete yake ya kufokasi kwa mkono inategemea umeme. Ukiizungusha bila umeme, vioo vya ndani havisogei. Kwa hiyo kwenye adapta tupu hutapata tundu wala fokasi. Lenzi za USM (aina nyingine ya mota ya Canon) zenye pete inayounganika moja kwa moja na vioo, kama hiyo 24-70mm, angalau utaweza kuzifokasi kwa mkono.

Kama tayari umeshanunua ya chuma na bado una bodi ya Canon, ipo njia ya kuokoa siku. Weka lenzi kwenye Canon, chagua f/5.6, bonyeza na ushikilie kitufe cha kuangalia kina cha fokasi, kile kilicho karibu na maunti kwa mbele, kisha itoe lenzi kwenye bodi ukiwa bado umekishikilia. Tundu litabaki kwenye f/5.6. Kulibadilisha ni kurudia hatua zote, kwa hiyo ni njia ya picha za bidhaa mezani. Ukumbini haifai.

Kwa adapta yenye pini, majina ya kuulizia ni Sigma MC-11, Metabones na Viltrox. Sigma inatoa hakikisho kwa lenzi zake yenyewe zenye maunti ya EF. Lenzi za Canon hukubali pia, ila bila ahadi ya kiwanda. Namna ya kufunga: zima kamera, unganisha lenzi na adapta kwanza kwa kulinganisha alama nyekundu, halafu weka vyote kwenye bodi kwa alama nyeupe na uzungushe mpaka usikie mlio wa kufunga. Angalia namba ya tundu kwenye skrini. Ukiona F-- mahali pa namba, lenzi na bodi haziongei. Zima, toa betri, safisha pini za pande zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilichoguswa na alkoholi ya isopropili, kisha rudia. Bado ikigoma, tafuta programu mpya ya adapta kwenye tovuti ya kiwanda chake. Nyingi zina mlango wa USB kwa kazi hiyo, na sasisho moja huweza kuponya lenzi iliyokuwa haitambuliki.

Tarajia nini? Kwa picha za mnato kwenye mwanga wa kutosha, a7 III hufokasi lenzi za EF vizuri. Ukumbi ukiwa na taa hafifu za rangi, 70-200mm itaanza kutafuta huku na huku, hasa kwenye milimita 200. Lenga ukingo wenye tofauti kali ya mwanga, kama mpaka wa shela na nywele, usilenge kitambaa cheupe kitupu. Ukipiga mfululizo, shusha kasi ili fokasi ipate muda kati ya picha na picha. Video ni habari nyingine: fokasi hupumua na kusukasuka kwa namna ambayo mteja ataiona. Kama nusu ya kazi yako ni video, uza 24-70mm na ununue ya Sony E yenyewe, hizo nyingine mbili ubaki nazo. Hata kwa picha za mnato, hiyo ndiyo lenzi ya kwanza ambayo tungeibadilisha.

Nina Nikon D750 na kaka yangu ameniachia lenzi za Canon EF. Adapta yake inaitwaje?
Mwanafunzi, Mombasa

Usiitafute. Lenzi inataka milimita 44, bodi yako, ya maunti ya Nikon F, ina 46.5. Hata pete ingekuwa nyembamba kama karatasi, lenzi bado ingekaa mbali na sensa kwa milimita 2.5 zaidi ya inavyotakiwa, na 50mm isingeweza kufokasi kitu kilicho mbali zaidi ya mita moja hivi. Zipo pete zenye kioo cha kusahihisha zinazouzwa kwa mchanganyiko wa namna hii, lakini kioo hicho hupunguza ukali wa picha na kuongeza ukungu wa mwanga. Upande wa pili unawezekana: lenzi za Nikon F hukaa kwenye bodi ya Canon EF kwa pete ya milimita 2.5. Zako ziuze, ununue za Nikon.

Nikon Z6 II na adapta ya Nikon yenyewe, FTZ. Lenzi ya 85mm inafokasi, ila 50mm f/1.8D haifokasi kabisa. Adapta imeharibika?
Mpiga picha wa studio, Nairobi

Adapta ni nzima. Tazama nyuma ya lenzi yako ya 50mm, kwenye bamba la chuma: utaona kichwa kidogo kama cha skrubu. Lenzi za AF na AF-D hazina mota. Huzungushwa na mota ya bodi kupitia skrubu hiyo. FTZ, adapta ya kuweka lenzi za Nikon F kwenye bodi za Z, haina mota hiyo, na toleo lake la pili, FTZ II, nalo halina. Ndiyo maana lenzi hiyo hiyo haikuwa ikifokasi yenyewe hata kwenye DSLR ndogo kama D3300. Lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P zina mota ndani, na ndizo zinazofokasi kupitia FTZ.

Funga pete ya tundu ya 50mm kwenye f/22, namba yake kubwa kabisa, kisha badilisha tundu kwa gurudumu la kamera. Fokasi kwa mkono, ukiwa umewasha rangi ya kuonesha kingo kali kwenye menyu. Kwa picha za studio, ambapo mtu amekaa, hilo halina usumbufu mkubwa. Ukitaka otofokasi, 50mm f/1.8G ya AF-S iliyotumika inapatikana kwa bei ya kubebeka.

Nimeagiza Helios 44-2 58mm f/2 na pete ya M42 kwa ajili ya Fujifilm yangu. Kamera inakataa kupiga, inasema hakuna lenzi.
Msomaji, Zanzibar

Kamera haioni pini yoyote, hivyo inadhani iko wazi. Kwenye menyu ya Fujifilm tafuta "Shoot Without Lens" uiwashe. Wenye Sony watafute "Release w/o Lens". Kisha andika urefu wa fokasi wa lenzi, 58, kwenye sehemu ya adapta. Kama bodi yako ina kituliza mtikisiko ndani, hutumia namba hiyo kukadiria mtikisiko, na ukiacha namba ya lenzi nyingine kitatuliza kupita kiasi au pungufu. Weka kamera kwenye A (wewe unachagua tundu), iache ichague kasi ya shata. Sensa ya Fujifilm X ni ndogo kuliko fulfremu (sensa yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya 35mm), kwa hiyo 58mm yako itaona kama 87mm: nzuri kwa uso wa mtu, finyu kwa vichochoro vya Mji Mkongwe.

Helios 44-2 ina pete mbili za tundu, na hapo wengi huchanganyikiwa. Yenye mlio wa kubofya huweka kikomo. Isiyo na mlio hufungua na kufunga kati ya f/2 na kikomo hicho. Weka kikomo kwenye f/8, fungua yote, fokasi kwenye f/2 ambapo kingo zinaonekana wazi, kisha zungusha pete laini mpaka igote. Uko kwenye f/8 bila kuondoa jicho kwenye kamera.

Jambo la pwani: kabla ya kumlipa muuzaji wa lenzi yoyote ya zamani, fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma na utazame kwa mbele, kwa pembe. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Unyevu wa Unguja huikuza haraka. Lenzi safi itunze kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na pakiti za silika jeli.

Lenzi yangu ya zamani ya 24mm kwenye adapta haipati fokasi ya mbali. Nikipiga Mlima Meru unatoka laini hata nikizungusha mpaka mwisho. Ya 135mm kwenye adapta hiyo hiyo haina shida.
Arusha

Adapta yako ni nene kuliko inavyotakiwa. Kosa dogo huumiza lenzi pana kuliko ndefu, na hesabu yake ni rahisi: zidisha urefu wa fokasi wa lenzi kwa wenyewe, gawanya kwa ziada ya unene. Ziada ikiwa milimita 0.1, lenzi ya 24mm hukomea karibu mita 5.8 (576 gawanya kwa 0.1, yaani milimita 5,760), wakati ya 135mm hufika karibu mita 182. Lenzi nyingi ndefu pia huachiwa nafasi ya kuzunguka kupita alama ya ∞ (fokasi ya mbali kabisa), kwa hiyo kosa hilo hulioni kabisa.

Pima unene kwa kalipa (kifaa cha kupima unene) sehemu nne tofauti za pete. Vipimo vikitofautiana, adapta imepinda, na upande mmoja wa picha utakuwa laini daima, irudishe. Vikilingana lakini vimezidi, irudishe vilevile, kwani kusaga chuma kwa usawa nyumbani hakuwezekani. Adapta nyembamba kupita kiasi ndiyo inayorekebishika: fungua skrubu za bamba, weka pete ya karatasi nyembamba ya shaba chini yake, funga kwa kukaza skrubu zinazokabiliana moja baada ya nyingine. Viwanda vingi huzitengeneza nyembamba kidogo kwa makusudi ili fokasi ya mbali isikosekane. Matokeo yake alama za umbali kwenye lenzi hazitasema kweli, kwa hiyo usizitegemee.

Adapta ya chuma inacheza kidogo ninapofunga 70-200mm. Ni hatari?
Mwanza

Ndiyo. Lenzi hiyo ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na adapta inafanya ining'inie mbali zaidi na bodi. Funga tripodi kwenye kola ya lenzi (pete yenye mguu inayoizunguka lenzi), kamwe si chini ya kamera, na unapotembea shika lenzi, siyo bodi. Mchezo wa kuzunguka kidogo kushoto na kulia huvumilika. Wa juu na chini haufai: fokasi itabadilika kila unapoinua kamera, na kwenye adapta yenye pini mawasiliano yatakatika katikati ya kazi. Kaza kwanza skrubu za bamba kwa bisibisi ya saizi sahihi. Zikiwa zimekaza na bado inacheza, badilisha adapta kabla maunti ya bodi haijalika.